Kiendeshi cha Mwisho cha Mzee Jao

Ukitaka kumkasirisha Mzee Jao Hsin-fu, na watu wa ghorofa ya nne walipenda kumkasirisha angalau mara moja kwa wiki, ulitakiwa kumuuliza swali moja tu: kwa nini usiwaambie wateja wako wanunue kompyuta mpya? Walimvizia wakati wa chakula cha mchana, akiwa ameshafungua boksi lake la wali na nyama ya nguruwe ya kukaanga, maana hapo hakuwa na pa kukimbilia. Mzee aliweka vijiti chini, akafuta mdomo, akaanza. Jibu lake liliendelea mpaka wali ukapoa, taa zikazimwa, watu wakalaza vichwa mezani kwa usingizi wao wa mchana, na yeye bado ananong'ona habari za mashine za kukata bati za Taichung ambazo zitatuzika sisi sote.

Kampuni yao, pale Zhonghe, inatengeneza kadi za kuchomeka ndani ya kompyuta za viwandani: kadi ya kupima joto la tanuri, kadi ya kuzungusha mota, kadi ya kuhesabu chupa. Kadi peke yake ni bubu. Ili kompyuta ielewane nayo inahitaji kiendeshi, yaani programu ndogo inayokaa katikati na kuwatafsiria. Kampuni haiuzi viendeshi. Inampa mteja sampuli, kiendeshi cha mfano, aende akakirekebishe kulingana na shida zake, kama fundi cherehani anavyokupa karatasi ya kukatia shati. Kazi ya Mzee Jao ilikuwa kuunda sampuli za matoleo ya zamani ya mfumo endeshi, yale ambayo hata walioyatengeneza wameshayasahau. Sampuli za matoleo mapya ziliundwa na vijana wa upande wa dirishani. Yeye alikaa karibu na choo.

Juu ya kila sampuli aliandika kwa herufi kubwa: HII NI SAMPULI TU, USIITUMIE KIWANDANI. Kwa miaka thelathini na moja wateja walilisoma onyo hilo, wakatikisa kichwa kukubali, wakaipeleka sampuli kiwandani kama ilivyo, na onyo lake ndani. Leo hii kuna biskuti, skrubu na vifungo vya suruali vinavyotoka kila siku kwa kiendeshi cha mfano cha Mzee Jao. Alilalamika sana juu ya jambo hilo. Alijivunia pia, tena sana, ila hilo hakulisema.

Mezani alikuwa na kompyuta saba, kila moja na toleo lake la zamani. Juu ya kila moja aliweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, kama hirizi, ili isigome, na tarehe za pakiti hizo alizikagua kila Jumatatu asubuhi, maana pakiti iliyopitwa na wakati ni afadhali isiwepo. Karibu na mashine ya maji ya moto kulikuwa na ubao mweupe, na huo nao ulikuwa mali yake. Mtu akiunda programu ikaenda kwa mteja ikaharibika, jina lake liliandikwa pale kwa wino mwekundu, na yeye akawanunulia watu wa ghorofa nzima chai ya maziwa. Mwandishi alikuwa Mzee Jao. Alikuwa na mwandiko mzuri, na ubaya ni kwamba alijua. Katika miaka yote hiyo alikunywa chai za wenzake zisizo na idadi, na jina lake halikugusa ubao hata siku moja.

Sasa mwezi wa kumi ulikuwa unaishia, Mzee ametimiza miaka sitini na mitano, na mwisho wa mwezi anastaafu. Meneja Kang, aliyekuwa bado shule ya msingi Mzee alipoajiriwa, alishasema bila kuzunguka: asipopatikana mtu wa kuirithi meza ile, inafungwa, na wateja wa matoleo ya zamani wataandikiwa barua ya kuwaaga kwa heshima.

Mtu aliyefaa alikuwa mmoja tu, Wen Pei-lan wa kitengo cha upimaji. Ana miaka arobaini na miwili, mdomo wake ni mwepesi, na kwa miaka kumi na moja sampuli zote za Mzee Jao zilipita mikononi mwake kabla ya kutoka. Meneja alimwomba mara tatu, akakataa mara tatu. Hakutoa sababu. Alisema tu meza ile si yake. Mzee Jao aliamua kwamba anadharau vitu vya zamani, akaacha kumpa machungwa aliyokuwa akimletea kazini.

Aliyemkosesha raha zaidi, hata hivyo, alikuwa Mama Hsiao wa Shetou. Mama Hsiao Pi-yun ana karakana ya soksi yenye mashine kumi na nne za kufuma maua, zinazoongozwa na kompyuta za toleo la kale kuliko yote saba. Kadi mbili zilikuwa zimekufa, akapelekewa nyingine, lakini hizo mpya hazikupatana na kiendeshi kilichokuwepo. Mashine zikawa zinaruka nyuzi pale kisiginoni. Dawa yake ilikuwa sampuli mpya, na hiyo ndiyo ingekuwa kazi ya mwisho ya Mzee. Mama Hsiao alimweleza kwenye simu, kwa sauti ileile anayomwulizia goti lake, kwamba kama baada ya hapo hakuna tena wa kumpigia, basi mashine zikiharibika hatanunua nyingine. Ana miaka sabini na moja. Atafunga mlango na kuwaaga wanawake tisa wanaofanya kazi naye. Mzee Jao alijibu kwamba mambo hayajafika huko, akakata simu, na boksi lake la wali siku hiyo halikufunguliwa.

Sampuli ya Mama Hsiao aliiunda Alhamisi. Asubuhi yote alikuwa anajaza fomu za mafao ya uzeeni, na fomu za serikali hazitaki mwaka wa kalenda ya dunia. Zinataka mwaka wa jamhuri, unaohesabiwa tangu jamhuri ilipozaliwa, hivyo 2025 ya dunia kwetu ni 114. Alizaliwa mwaka wa arobaini na tisa, akaandika. Aliajiriwa mwaka wa themanini na tatu, akaandika. Anastaafu mwaka wa mia na kumi na nne, akaandika, mara kumi na sita, na kila mahali akagonga muhuri wake. Kisha akasogeza fomu pembeni, akawasha programu ya kuundia viendeshi, ambayo aliiandika mwenyewe zamani hizo akiwa bado na nywele. Programu ikamwuliza mwaka. Akajaza 114.

Programu ile haina ubishi. Kazi yake ni kuchukua tarakimu mbili za mwisho na kuziwekea ishirini mbele, basi ikafanya hivyo. Sampuli mpya kabisa ikazaliwa na cheti kinachosema ni ya mwaka 2014. Pei-lan akaipima kwenye kompyuta tupu, isiyokuwa na kiendeshi chochote cha kulinganisha, ikafanya kazi vizuri, akaweka sahihi. Ijumaa ikatumwa Shetou. Jumatatu simu ikalia.

"Mhandisi, kompyuta yangu imekikataa kiendeshi chako," alisema Mama Hsiao. "Inasema ilicho nacho ni kipya zaidi."

"Haiwezekani, Mama. Umebonyeza wapi?"

"Nimebonyeza ulikoniambia."

"Basi zima, uwashe tena."

"Nimezima na kuwasha mpaka wali umeiva. Au niende hekaluni nikaulize huko?"

Kwa siku mbili Mzee Jao alimfundisha mama wa watu jinsi ya kubonyeza. Alimwambia aondoe miwani, akamwambia avae miwani. Alimwambia asome polepole maneno yaliyo kwenye skrini, akayasoma, na maneno yakawa yaleyale: ulicho nacho ni kipya zaidi. Mwishowe sauti ya Mzee ilipanda, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulisikia, na ghorofa nzima ikajifanya inafanya kazi. Meneja Kang alitoka ofisini kwake akasema waende huko wakaone kwa macho, Mzee na Pei-lan, na Pei-lan amletee ripoti. Kila mtu alielewa kwamba ripoti hiyo ndiyo itakayoamua habari ya meza.

Wakapanda treni asubuhi, wakabadilisha Yuanlin, wakafika Shetou jua likiwa kali. Njia nzima Mzee alimwelezea Pei-lan sababu tisa zinazoweza kuifanya kompyuta ya zamani ikatae kiendeshi kizuri. Zote tisa zilikuwa makosa ya mtu mwingine.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, na kelele za mashine zilisikika tangu barabarani. Mama Hsiao ni mfupi, mikono ya blauzi yake imejaa vumbi la nyuzi, na hana tabia ya kukaa kitako. Aliwawekea sahani ya mapera yaliyokatwa, na unga wa plamu pembeni, akamwonyesha Mzee kompyuta yenye kesi, akarudi kwenye soksi zake. Wanawake wa karakana walikuwa wakizigeuza soksi na kumtazama mgeni kwa jicho la pembeni. Walikuwa wamesikia sauti yake kwenye simu kwa siku mbili, walitaka kuona uso unaoendana nayo.

Mzee Jao alivua koti. Akafungua kompyuta, akapuliza vumbi, akachomoa kadi na kuirudisha, akabadilisha kebo, kisha akabadilisha kebo aliyoibadilisha. Akalaumu umeme wa wilaya ya Changhua. Akalaumu joto. Saa nzima ikapita, jasho linamtoka mgongoni, na kompyuta inaendelea kumwambia kwa adabu kwamba ilicho nacho ni kipya zaidi. Kisigino cha soksi kwenye mashine ya tatu kilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

Pei-lan alikuwa amekaa juu ya robota la nyuzi anakula pera. Alipomaliza vipande vyake na vya Mzee, alijifuta mikono, akavuta kibodi, akafungua ukurasa mdogo wenye maelezo ya kiendeshi. Hakuna anayeufungua ukurasa huo. Jina, namba, tarehe. Akasoma tarehe, na mtu wa kwetu akiona kumi na nne mwaka huu hahitaji kikokotoo. Alitazama mgongo wa Mzee ulioinama juu ya kebo, akawatazama wale wanawake, akatamani wangekuwa mahali pengine. Lakini hawakuwa mahali pengine.

"Mzee Jao," alisema.

"Mm."

"Mwaka huu ni mwaka gani?"

"Pei-lan, nina kazi hapa."

"Nakuuliza tu. Kwenye fomu zako za mafao umeandika mwaka gani?"

"Mia na kumi na…"

Aligeuka, akaja mbele ya skrini, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Masikio yake yakawa mekundu kwanza, kisha shingo. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu alikuwa ameshaelewa, akamnong'oneza wa pili, na kicheko kikazunguka meza ya kugeuzia soksi hadi mwisho wake. Mzee aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima asijue mikono aiweke wapi.

Mama Hsiao alikuja, akaelezwa, akafikiri.

"Kwa hiyo kompyuta yangu ilikuwa inasema kweli."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ukanifokea siku mbili."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe sana."

"Sahani yako tupu," alisema Mama Hsiao. "Ngoja nikukatie pera jingine."

Kurekebisha kulichukua robo saa. Mzee alifungua kompyuta yake ya mkobani, akaiunda upya sampuli, safari hii akaandika mwaka kama dunia inavyouandika, akausoma mara tatu kwa sauti, Pei-lan akausoma mara ya nne. Kompyuta ya karakana ikakipokea kiendeshi bila neno. Mashine ya tatu ikatoa soksi, Mama Hsiao akaivaa mkononi kama glovu, akainua kisigino kwenye mwanga, akaipitisha. Wakati wa kuondoka aliwapa kila mmoja jozi kumi na mbili, na Mzee akapewa za rangi ya kijani.

Kwenye treni ya kurudi Mzee hakutoa sababu hata moja. Aliweka mfuko wa soksi magotini, akatazama nje. Pei-lan alikuwa na daftari la ripoti mkononi, na hakuandika kitu.

"Niandike kebo?" aliuliza. "Kebo ilikuwa mbovu, tumebadilisha, basi. Hakuna atakayejua."

Ningependa kusema kwamba Mzee Jao alikataa hapohapo. Hakukataa. Alihesabu stesheni moja moja kutoka Miaoli mpaka Hsinchu, na stesheni hizo ni nyingi. Alijua Kang atafanya nini akisikia kwamba hata mlinzi wa ubao amevurunda. Alifikiria karakana ile, mlango wake umefungwa. Alifikiria pia, na hili lilimuumiza kulifikiria, miaka thelathini na moja ya jina safi, na siku nne tu zilizobaki.

"Andika mwaka," alisema mwishowe. "Ukiandika kebo, siku ikitokea kwa mwingine atabadilisha kebo mpaka azeeke."

"Na mimi nimeipitisha. Nilipimia kompyuta tupu, sikutazama tarehe."

"Basi andika vyote."

Asubuhi yake Mzee Jao aliwahi kazini, akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye ubao jina lake, herufi kwa herufi, kwa ule mwandiko wake mzuri. Pei-lan akaja akaandika la kwake chini, kwa mwandiko mbaya. Watu walitoka mezani kuja kushuhudia kama wanaokuja kwenye ufunguzi wa duka. Mzee mwenyewe alizunguka na karatasi kuwauliza wanakunywa nini, sukari kiasi gani, barafu kiasi gani, vikombe arobaini na sita, na kila mmoja akamsomea tena alichoagiza ili kuhakikisha. Kijana mmoja wa dirishani alimwomba atie tarehe juu ya karatasi. Mzee aliitia, kwa miaka yote miwili, wa dunia na wa jamhuri, watu wakacheka mpaka na yeye akacheka.

Ofisini kwa Meneja Kang hakukuwa na kicheko. Kang aliisoma ripoti hadi mwisho, akaiweka mezani, akasema kwa upole, maana si mtu mbaya, kwamba jambo hili limejieleza lenyewe. Ikiwa aliye bora kuliko wote katika kazi hii amekosea, nani mwingine ataiweza? Afadhali kufunga kwa heshima.

"Mimi," alisema Pei-lan.

Wote wawili walimtazama.

"Si ulikataa mara tatu?" aliuliza Kang.

"Nilikataa. Meneja, miaka kumi na moja nimepima sampuli za Mzee huyu, sijapata kosa hata la kusingizia. Nikajiambia meza ile inataka mtu asiyekosea, na mimi kila wiki nakosea. Nikakae pale niaibike? Jana nimemwona amekosea. Nimelitafuta kosa nikalipata, na soksi zikafumwa. Kazi hiyo naiweza."

Mzee Jao alikuwa amekuja na maneno ya kuitetea meza, ameyapanga tangu alfajiri. Hakuyatoa. Miaka yote aliamini kwamba kinachoilinda meza ile ni yeye kutokosea, kumbe ndicho kilichowafukuza watu wasiisogelee. Jambo hilo lilimwingia moyoni kama mwiba, akainamisha kichwa, na Kang alipomwuliza kama Pei-lan anafaa, alijibu kwa sauti ndogo kwamba anafaa kuliko yeye, kwa sababu anasoma tarehe.

Siku nne zilizobaki Pei-lan alimkalisha chini akamhoji kama polisi, kila kilichokuwa kichwani akakiandika kwenye daftari. Siku ya mwisho, saa kumi jioni, hotuba zilikuwa zimekwisha na keki imeliwa. Mzee alikuwa amesimama na boksi lake la vitu mikononi karibu na lifti simu ya mezani ilipolia. Mguu wake uliondoka wenyewe. Pei-lan aliifikia kwanza.

"Mhandisi Wen hapa," alisema. Kisha: "Ndiyo, Mama Hsiao. Mashine ya ngapi?"

Mzee Jao alisimama palepale. Kwa maswali ya Pei-lan aliweza kujua tatizo ni nini, na jibu alikuwa nalo. Alisogea hatua mbili ili aonekane. Pei-lan alizungusha kiti akampa mgongo, akavuta daftari, akauliza taa ipi inawaka, akasema hapana, si hiyo, ile ya chini yake. Lifti ilikuja, ikafunguka, ikaondoka. Mzee aliinua kidole, akakishusha. Alisubiri aulizwe. Lifti ikaja tena, ikaondoka tena, na upande wa pili wa simu Mama Hsiao alisikika akicheka. Mzee Jao alisikia uchungu na akasikia furaha, na hakujua kipi kimetangulia, basi akabaki amesimama na vyote viwili pamoja na boksi.

Pei-lan aliweka simu chini, akageuka, akashtuka.

"Mzee, bado upo?"

"Nasubiri lifti," alisema Mzee Jao.